Kijiji Kinachongoja Makadamia Zianguke Zenyewe

Akinyi, Nekesa na Rehema,

Tangu nishuke Kisumu Jumapili mnaniuliza swali moja tu: kile kiwanda kitajengwa wapi? Kila nikianza kueleza kwa simu, mmoja wenu ananikatiza kuuliza mbona sauti inabadilika nikifika Nyeri. Basi nimekaa niwaandikie. Mambo ya barua za kazi, hoteli na tiketi nitayaruka, hayana utamu. Nitaanzia pale gari lilipotuharibikia.

Ila kwanza mjue nilisafiri na nani. Bwana Kemal ni Mturuki wa miaka sitini na kitu. Kwao, kwenye milima inayoshuka hadi Bahari Nyeusi, ana viwanda viwili vya kubangua kokwa. Alitaka kujenga cha tatu huku kwetu, cha makadamia, mahali fulani kati ya Kirinyaga na Nyeri, na alikuwa na orodha ya vijiji vitatu. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri, maana yeye anaongea Kiingereza na wazee wetu wanaongea Kikuyu na Kiswahili cha kujikaza. Aliomba mtu anayejua lugha ya huko lakini asiye wa huko, ili asiwe na wa kumpendelea. Nikamwambia nimeishi Kisumu zaidi ya miaka thelathini. Ni kweli. Nilichoacha kumwambia ni kwamba kijiji cha tatu kwenye orodha yake ndiko nilikozaliwa.

Sagana: samaki na redieta

Tulitoka Nairobi asubuhi tukiwa na dereva anayeitwa Muriuki, mtu mzima wa Kutus, mpole, anayeendesha huku akinung'unika nyimbo za kanisa. Kabla tu ya Sagana moshi mweupe ulianza kutoka mbele ya gari. Muriuki akasimama kando, akafungua boneti, akatikisa kichwa.

"Hii redieta imepasuka," alisema. "Fundi ya kuichomelea iko Kagio. Hapa hakuna."

Fundi wa pale Sagana aliing'oa ile redieta, akaifunga kwa mpira nyuma ya bodaboda, akaondoka. Hakuandika chochote. Hatukumuuliza hata jina. Kemal alimtazama mpaka akapotea kwenye kona, kisha akanigeukia.

"Muulize Muriuki kama anamjua yule mtu."

"Simjui," Muriuki akajibu. "Lakini dada yake anauza nguo pale Kutus. Atarudi."

Kemal alinitaka nirudie. Nikarudia. Akacheka peke yake, akakaa chini ya mwavuli wa mama mmoja anayekaanga samaki, na hapo tukaishi karibu saa tano. Tulikula tilapia iliyokauka mkia, ugali na sukuma, kwa mikono. Kemal aliushika ugali kama mtu anayeogopa kuuvunja, mpaka mama yule akamshika vidole na kumwonyesha jinsi ya kukanda. Mimi nilikuwa nimesahau harufu ya mto ule. Tulipokuwa tukienda Nairobi na mama yangu, nikiwa mdogo, basi lilisimama hapo, naye alininunulia ndizi mbivu kupitia dirishani. Sijui kwa nini ndizi zile zilikuwa tamu kuliko za nyumbani, na zilikuwa zimetoka huko huko nyumbani.

Tukiwa tunangoja, Kemal alinieleza kilichomfanya azunguke vijijini badala ya kukaa ofisini na mawakili. Miaka ya nyuma alijenga kiwanda katika nchi nyingine, ambayo hakuitaja. Mikataba ilikuwa mizuri, barabara ya lami, serikali ikamkatia utepe. Lakini wakulima wa kule walikuwa hawaaminiani hata kidogo. Kila mmoja alichuma kokwa changa kabla jirani hajazichuma, na kwenye magunia wakaweka mawe katikati. Yeye naye akaanza kuwashuku wote, akaweka walinzi, akawapekua mpaka wale waaminifu. Msimu wa tatu alifunga mlango.

"Mashine nanunua," alisema huku akitoa mwiba mdomoni. "Barabara italetwa. Lakini watu wasipoaminiana wao kwa wao, wataniaminije mimi niliyetoka mbali? Na mimi nitawaaminije? Sasa ninaangalia hilo kwanza."

Saa tisa bodaboda ilirudi. Fundi alikuwa amelowa jasho na redieta imechomelewa vizuri. Kemal alimpa mkono kwa muda mrefu mpaka fundi akaona aibu.

Kirinyaga, juu ya mashamba ya mpunga

Tulilala Mwea, mahali ambapo asubuhi unaamka na kuona maji yametulia kwenye vijaruba mpaka macho yanapoishia, na watu wa baiskeli wamebeba magunia ya mchele kuelekea vinuni. Tulikula pilau mapema mno, kwa kuwa Kemal alinusa sufuria akakataa kuondoka. Kisha tukapanda mlima kuelekea kijiji cha kwanza.

Huko walikuwa wamejiandaa. Hema, viti vya plastiki, kitambaa kilichoandikwa jina la mgeni vibaya, akina mama wakiimba. Mwenyekiti wa kikundi alitoa hotuba ndefu nikatafsiri mpaka koo likakauka. Kila kitu kilikuwa sawa. Ila kila nilipokwenda kando, mtu alinifuata. Mmoja aliniambia mwenyekiti ni mwizi. Mwenyekiti aliniambia yule aliyeniambia ndiye mwizi. Mama mmoja alinivuta mkono akaniomba nimwambie mzungu anunue kwake peke yake, asinunue kwa shemeji yake.

Kemal aliomba atembezwe mashambani. Kila shamba lilikuwa na seng'enge, na kwenye mengine mbwa. Miti ilikuwa imekwisha kuchumwa, na msimu ulikuwa haujafika nusu. Alipata kokwa chache ndani ya gunia la mzee mmoja. Akatoa kisu kidogo mfukoni, akapasua ganda la nje la kijani, akanionyesha upande wa ndani. Ulikuwa mweupe.

"Ikikomaa, hapa ndani panakuwa rangi ya kahawia," alisema. "Nyeupe ni mtoto. Haina mafuta, itaoza. Muulize kwa nini amezichuma."

Nikamuuliza. Mzee aliniangalia kama niliyeuliza kwa nini mvua inalowesha.

"Mama, mimi najua hizi si tayari," alisema. "Lakini nikingoja zianguke, zitaangukia gunia ya mtu mwingine. Mwaka ule nilingoja nilipata mti umebaki majani. Sasa ungekuwa wewe, ungengoja?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Kemal aliweka mkono wake begani kwa mzee. Garini alisema tu, "Yule mzee si mtu mbaya." Kijiji cha pili kilikuwa kama cha kwanza, bila hema.

Karatina

Hapa sikuwa na kazi yoyote, na pengine ndiyo maana nitaichelewesha hadithi kidogo.

Ilikuwa siku ya soko. Nilimwomba Muriuki asimame, nikasema nanunua ndizi. Uongo. Nilitaka kusimama mahali mama yangu alipokuwa akiuza viazi. Soko limebadilika, majengo ni mengine, lakini bado wanawake wanapanga nyanya kwa mafungu ya piramidi, na bado wanakuita "mami" hata ukiwa na umri wa bibi yao. Mama alikuwa akiacha viazi vyake hapo akaenda kunywa uji upande wa pili, na akirudi alikuta jirani amemuuzia nusu na kuweka pesa chini ya gunia. Niliona jambo lile kila wiki utotoni nikadhani dunia nzima iko hivyo.

Nilisimama hapo nikiwa na kichane cha ndizi mkononi mpaka Kemal akaja kunitafuta. Aliniuliza kama naumwa. Nikasema ni vumbi.

Kijiji cha tatu

Barabara ya kwetu, upande wa Tetu, inazunguka vilima vitatu kabla ya kufika. Kemal alikuwa ameweka paji la uso kwenye kioo. Alisema kwao ni hivi hivi: kilima, bonde, chai, ukungu, mama aliyeinama shambani. Alipatwa na majonzi ya kwao nami nikapatwa na ya kwangu, tukiwa kiti kimoja, kila mmoja akijifanya anatazama nje.

Ngoja niwaambie nilichokuwa nikiogopa. Nikiwa kidato cha nne, baba yangu, Mwangi, alikutana na mnunuzi kutoka Ulaya aliyetaka mishiri, yale maharagwe membamba ya kusafirishwa kwa ndege. Baba alimleta kijijini, akamwombea kwa watu, na kwa sababu ni baba aliyesema, watu wakang'oa mahindi wakapanda mishiri. Ilipokomaa gari halikuja. Wala siku ya pili, wala ya tatu. Mishiri ilirundikwa kando ya barabara ikawa nyeusi. Mnunuzi hakuonekana tena. Nilichobaki nacho ni picha ya baba akitoka nyumbani kila jioni kwenda kwa majirani, na kurudi akiwa hajala, na mama akisema, "Na kwa Gachanja?" naye akijibu, "Hakunifungulia." Mwaka ule nilikwenda chuo cha ualimu magharibi. Nilirudi kwa mazishi tu, baba kisha mama, nikiingia asubuhi na kutoka alasiri.

Tulipokelewa nyumbani kwa Cucu Nyaguthii, bibi wa miaka themanini aliye mweka hazina wa kikundi. Hakukuwa na hema. Kulikuwa na mukimo wa viazi vilivyopondwa, ndoma, yaani magimbi, zilizochemshwa, na birika kubwa la chai iliyojaa maziwa. Akammiminia Kemal kikombe. Kemal akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa, akakisukuma kikombe mbali kidogo.

Wote chumbani wakakitazama kikombe.

"Anaumwa kifua?" Nyaguthii akaniuliza kwa Kikuyu.

"Hapana, cucu."

"Basi anaogopa nimemwekea kitu."

Nilimwambia Kemal. Uso wake ukawaka. Akaeleza haraka kwamba kuweka mkono kifuani kwao ni kushukuru, na kwamba tangu azaliwe hajawahi kunywa chai yenye maziwa, wao hunywa nyeusi kwenye vigilasi vidogo. Nyaguthii alisikiliza tafsiri, akaondoka bila neno, akarudi na chai ya rangi kwenye glasi ya kupimia dawa ya ng'ombe, iliyooshwa ikang'aa. Kemal alikunywa. Akaomba nyingine. Alipofika ya sita bibi alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi na kitambaa cha kichwa.

Ni katika kicheko hicho aliponitazama vizuri, akaacha kucheka.

"Wewe ni wa Mwangi," alisema. "Mwangi wa mishiri. Una uso wake."

"Anasemaje?" Kemal akauliza.

"Anasema nafanana na mtu anayemjua."

Halikuwa neno la uongo, na ndiyo sababu lilinichoma zaidi.

Tulitoka kutembea. Miti ya makadamia ilikuwa imepandwa mpaka kwenye njia ya watu wote, bila waya, matawi yakining'inia juu ya vichwa vyetu. Kokwa zilikuwa zimeanguka njiani, nyingine katikati kabisa, na watoto wa shule walikuwa wakiziruka. Hakuna aliyeinama. Kemal aliokota moja, akasita, akamwangalia Nyaguthii kuomba ruhusa.

"Mwambie apasue," bibi alisema. "Hiyo ni ya Wairimu. Nitamwambia Wairimu tulipasua moja."

Ndani ilikuwa rangi ya kahawia. Akapasua ya mti mwingine, na mwingine. Zote kahawia. Alianza kutembea haraka kama mtoto aliyepata kitu, suruali imejaa matope.

Mkutano ulifanyika mchana kwenye ukumbi wa kanisa. Kemal aliniambia niulize swali moja: ni nani aliyewafundisha kungoja? Mzee mmoja mwembamba, mwenye kofia ya sufu, akasimama kujibu. Nilimtambua kabla hajasema jina. Gachanja.

"Hatukufundishwa," alisema. "Tuliungua. Kulikuwa na mtu hapa, Mwangi. Alituletea mnunuzi, akasema ni mtu mzuri."

Nikatafsiri.

"Yule mnunuzi alituacha. Mwangi angesema na yeye ameachwa, na ingekuwa kweli. Hakusema. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba msamaha. Mimi sikumfungulia. Mara ya kwanza, mara ya pili."

Nilitafsiri hiyo pia. Sauti yangu ilikuwa imeanza kutoka mbali.

"Mara ya tatu nilifungua ndiyo nimtukane. Nikakuta hayuko peke yake. Nyaguthii alikuwa naye, na bwana yake, na wengine sita. Kila nyumba aliyosamehewa, mtu wa hapo alitoka akatembea naye kwa inayofuata. Nikaona aibu. Nikawaambia waingie. Tukaongea mpaka mke wangu akapika mara mbili. Tukapatana siku hiyo kwamba hakuna atakayeuza peke yake tena, na hakuna atakayeokota cha mwenzake hata kikiwa njiani. Mpaka leo. Hiyo kikundi unaona ilianza kwa mlango wangu."

Hakuna aliyewahi kuniambia. Miaka yote nilikuwa nimehesabu milango iliyofungwa, na nilikuwa nimeondoka kabla ya kusikia kuhusu uliofunguliwa. Kemal alikuwa akingoja tafsiri.

"Huyo Mwangi," nikamwambia kwa Kiingereza, mbele ya wote, "ni baba yangu. Mimi ni wa hapa. Nilikuficha."

Kisha nikarudia kwa Kikuyu, kwa kuwa nao niliwaficha. Gachanja akavua kofia. Nyaguthii akasema kwa sauti, "Mimi nilijua tangu chai," na watu wakacheka, na hicho kicheko kiliniokoa. Kemal hakucheka. Alisema, "Endelea kutafsiri, tafadhali," nami nikaendelea, maneno yote ya mzee, nikilia na nikitafsiri.

Nilipomaliza, Kemal alisimama akasema amepata mahali alipokuwa akipatafuta, kwamba yuko tayari kujenga. Nilidhani watapiga makofi. Gachanja alibaki amesimama.

"Yeye ameona zetu zimeiva," alisema. "Sisi yeye bado hatujampasua. Mwambie akae na sisi mpaka msimu uishe. Alale hapa, aamke na sisi, tumwone akiwa na hasira, tumwone akiwa mgonjwa. Baadaye tuongee habari ya kiwanda."

Kemal alitoa simu, akatazama tarehe. Nilijua ana mkutano kwao, na washirika wanaongoja. Kisha akauliza kama kuna chumba.

"Kwangu kiko," Nyaguthii akajibu kabla sijatafsiri.

Nyeri mjini

Muriuki alituteremsha mjini kesho yake. Kemal alikuwa akienda Nairobi kupanga mambo yake kisha arudi kijijini baada ya wiki mbili. Tulikaa kwenye mkahawa mmoja karibu na stendi, tukala chapati na maharagwe. Mlima ulikuwa wazi kabisa, jambo ambalo mjue si la kila siku. Nilijua ananifuta kazi, nikataka afanye haraka.

"Ulinificha," alisema. "Nitawaambia washirika wangu, na nitalikumbuka. Mkalimani nitatafuta mwingine."

Nikamwambia ni haki yake.

"Lakini nilikosea nilipoomba mtu asiye na watu huko. Sasa nahitaji kinyume chake. Nahitaji mtu ambaye nikiwakosea, watamwendea yeye."

Nilimwelewa mara moja, nikaweka chapati chini.

"Hicho ndicho kilichompata baba yangu," nikasema.

"Najua. Umenitafsiria wewe mwenyewe."

"Na ukiondoka usirudi?"

Hakuniapia. Ningemwacha hapo hapo kama angeapa. Alisema anaweza kufa, anaweza kufilisika, washirika wanaweza kumkatalia, na kwamba hayo yote yakitokea mimi ndiye nitakayebaki na aibu, si yeye. Ndiyo maana ananiomba nifikirie, hataki jibu mezani. Tukapeana mikono. Nikapanda gari la Nakuru, na njia nzima mpaka Kisumu sikuona hata mti mmoja.

Nimefikiria siku nne. Jana nilimpigia simu Nyaguthii, si Kemal. Nikamweleza yote.

"Baba yako hakuulizwa," alisema. "Aliamua tu kwa furaha. Wewe unaamua ukijua. Njoo. Lakini akituacha, mimi ndiye wa kwanza nitakuja kukusema."

"Sawa, cucu."

"Na ukisemwa usikimbie tena."

Asubuhi ya leo nimemwambia Kemal ndiyo. Kwa hivyo kiwanda hakijaamuliwa, lakini mimi nimeamuliwa. Natoka Jumatatu, na sitarudi mpaka msimu uishe, pengine hata baada ya hapo. Akinyi, ufunguo wa nyumba nakuachia wewe. Rehema amwagilie mboga. Na Nekesa, kabla hujaanza kulia, njoo kesho unisaidie kufunga mizigo, maana sijui nibebe sweta ngapi kwa baridi ya kwetu.